Bembelezi Iliyovaa Joho la Kwaya

Hapa Bondeni ukisema kinanda, mmoja atamkumbuka Juma Bhalo, mwengine ibada ya Jumapili. Mimi hufikiria Wimbo wa Taifa. Usinicheke.

Wimbo ule wa 1963 ulitengenezwa na kamati ya watu watano. Mmoja wao, Graham Hyslop, alikuwa Mwingereza aliyefundisha Kaloleni, huku huku Pwani, miaka ya 1930. Ndiye aliyeandika pia tamthilia ya Afadhali Mchawi. Wenzake ni George Senoga-Zake, kasisi Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Mahadhi yalitoka kwa Mzee Meza Morowa Galana: bembelezi ya akina mama wa Kipokomo, kando ya Mto Tana.

Sasa sikiza walichofanya. Sauti ya mama mmoja wameigawa mara nne, kikwaya kabisa. Kila silabi ina mahali pake, besi inashikilia chini. Wako wanaosema hapo ndipo kanisa lilipoua wimbo. Mimi sikubali. Wangeweza kuuchangamsha uwe wa gwaride tu, lakini waliuacha na huzuni yake. Ndiyo maana hata uwanjani, kabla ya mechi, unasikika kama dua.

Kilichopotea ni kingine. Bembelezi haina mwisho, huisha mtoto akilala. Huu una beti tatu, kisha watu wanakaa. Na hizo beti tatu nilizikariri zote shuleni bila kutajiwa Wapokomo hata siku moja. Hilo si kosa la kinanda. Ni letu tunaoimba, na kulirekebisha ni rahisi: kutaja jina tu.