Mpiga Rithimu wa Les Wanyika

Waulize mashabiki wa zilizopendwa mjini Nakuru wakutajie mcharaza gitaa hodari, na karibu kila mmoja atakutajia mpiga solo. Si ajabu. Solo ndilo gitaa linalojitangaza: mwimbaji akinyamaza linachomoza, linapanda juu, linaitisha vifijo. Mpiga rithimu husimama nyuma karibu na drams, mkono wa kulia ukienda na kurudi, na watu hucheza usiku kucha wakaenda zao bila kujua anaitwa nani. Mimi ni shabiki wa Les Wanyika wa siku nyingi, na kadiri ninavyowasikiliza ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba bendi ile ilijengwa kuanzia nyuma kuja mbele. Aliyeishikilia ni mpiga rithimu wake, Omari Shabani, yule waliyemwita Profesa.

Ukoo wa bendi za Wanyika unaanzia Tanga. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walipiga na Jamhuri Jazz Band katika miaka ya 1960, wakahamia Arusha, halafu mwaka 1971 wakavuka mpaka na kuunda Simba Wanyika mjini Mombasa. Kufikia katikati ya muongo huo walikuwa wamehamia Nairobi, jiji lililokuwa na studio, wachapishaji wa santuri na vilabu vya kutosha kulisha wanamuziki wa kutoka kila upande. Mwaka 1978 bendi ikapasuka. Waliotoka walikuwa watu wa nyuma ya jukwaa: Profesa Omari na rithimu yake, Tommy Malanga na besi, Rashid Juma na drams. Wakamchukua John Ngereza, Mtanzania mwenzao aliyekuwa akipiga humu Kenya na Orchestra Jobiso, awe mpiga solo na mwimbaji. Wakajiita Les Wanyika.

Kisha wakafanya jambo ambalo wanamuziki wenye njaa hulifanya kwa nadra. Kwa miezi kama sita walijifungia wakitunga na kufanya mazoezi, bila kupanda jukwaani. Walipojitokeza katika klabu ya Garden Square jijini Nairobi, hawakuja kujaribu. Walikuja na mtindo uliokwisha kuiva. Zisikilize rekodi zao za mwanzo. Hakuna anayemtafuta mwenzake, hakuna gitaa linalomkanyaga jirani. Kila chombo kina chumba chake, na milango imeachwa wazi.

Ili uthamini walichokifanya, kumbuka Nairobi ya wakati ule ilivyokuwa na kishindo. Orchestra Super Mazembe walikuwa wameingia Kenya mwaka 1974, wakitokea Zaire kupitia Zambia. Les Mangelepa walijitenga na bendi ya Baba Gaston mwaka 1976. Hizo zilikuwa bendi za watu wengi, zenye sauti zinazopokezana na magitaa yanayorundikana, na wimbo ulipofika kwenye sebene, ile sehemu ya magitaa na kucheza, mwendo uliwaka moto na vumbi likatimka. Ni muziki ninaoupenda pia. Lakini Les Wanyika hawakushindana nao kwa kelele. Wao walipunguza. Waliondoa kila kisichohitajika hadi kikabaki kile ambacho ukikiondoa wimbo unaanguka.

Wimbo uliowatangaza ni “Sina Makosa”, na hadi leo ndio mlango wa kumwingizia mgeni katika nyumba yao. Kisa chake ni ugomvi wa wanaume wawili juu ya mwanamke ambaye si wa huyu wala si wa yule, na wote wawili wameacha wake zao nyumbani. Mmoja ameshapandwa na hasira za kuua. Mwenzake anajitetea kwamba hana kosa. Mtunzi mwingine angeupigia ugomvi huo ngoma za vita. Les Wanyika wameupigia muziki wa mtu aliyekaa kwenye kiti akingoja jirani yake apoe. Rithimu ya Profesa ni kifungu kifupi cha nyuzi chache, zinazodonolewa moja moja, na kabla hujamaliza kukitambua kimeshazunguka na kurudi. Maneno yanapochemka, kifungu hakichemki. Mwimbaji anapolalamika zaidi, kifungu hakiharakishi. Ndiyo maana tunamwamini anaposema hana makosa: mikono iliyo nyuma yake haitetemeki.

Sasa ongeza besi. Malanga hajazi kila pigo. Anasema sentensi yake, anakaa kimya, anasema nyingine. Katika ule ukimya rithimu husikika peke yake, na sikio lako, lililokuwa likiifuata besi, hujikuta limeangukia mikononi mwa Profesa. Rashid Juma naye anazipiga drams zake kwa wepesi, asiufunike ukimya huo. Ngereza hungoja. Gitaa lake ni safi, halina mkwaruzo wala madoido ya mashine, na huingia pale tu palipoachwa nafasi. Ukimsikiliza Ngereza bila wenzake utadhani ni mpigaji mwenye haya. Ukimsikiliza ndani ya bendi utaelewa kwamba anajua nyumba imekwisha kujengwa, na kazi yake ni kufungua dirisha.

Kwamba rithimu ndiyo inayobeba bendi, wapenzi wa roki nzito wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi wa rumba, na vijana wa Nakuru wenye fulana nyeusi zilizochapwa majina ya bendi za ng'ambo hawatanibishia. Chukua AC/DC, bendi iliyoundwa Sydney mwaka 1973 na ndugu wawili, Malcolm na Angus Young. Dunia nzima inamjua Angus, yule anayeruka jukwaani amevaa sare za mwanafunzi. Malcolm alisimama karibu na spika, akipiga rithimu ileile kwa ukaidi uleule kwa miaka arobaini, na alipofariki mwaka 2017 wacharaza magitaa walisikitika kama watu waliopoteza mwalimu. Tofauti iko kwenye njia. Roki hupata uzito kwa kuongeza sauti hadi kifua kitikisike. Les Wanyika waliupata kwa kuiacha sauti ndogo na kuirudia pasipo kosa, hadi mwili wa msikilizaji wenyewe ukawa ndio ngoma.

Kwa nini muziki huu wa Watanzania walioishi Nairobi ukashika mizizi Bonde la Ufa? Sababu ya kwanza ni lugha. Nakuru ni mji ulioletwa na reli na kukuzwa na mashamba, na tangu mwanzo wakazi wake wametoka kila kona ya nchi. Benga ya Kijaluo ilikuwa na wenyewe, ya Kikuyu ilikuwa na wenyewe, ya Kikipsigis kutoka upande wa Kericho ilikuwa na wenyewe. Rumba ya Kiswahili haikuwa na mwenyewe, kwa hiyo ilipigwa kila mahali. Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Kenya iliileta majumbani, na mwenye baa katika mtaa wa Bondeni hakuhitaji kumuuliza mteja kwao ni wapi kabla ya kuweka santuri.

Sababu ya pili imo ndani ya kisa cha “Sina Makosa” chenyewe. Huu ni ukanda wa watu walioacha wa kwao nyumbani. Wafanyakazi wa reli, vibarua wa mashamba ya Njoro na Molo, wachumaji maua wa Naivasha, madereva wa malori wanaolala Salgaa wakielekea Uganda: wote wanaujua upweke unaomkalisha mtu kwenye meza ya baa na kumgombanisha na mtu asiyemjua. “Sina Makosa” haiwahubirii. Inawaonyesha tu upuuzi wa ugomvi wao kwa sauti ya upole. Sidai kwamba gitaa huzuia vita. Mapema mwaka 2008 nyimbo hizi zilikuwepo, zikijulikana na kila kabila, na damu ilimwagika Nakuru na Naivasha hata hivyo, katika ghasia zilizofuata uchaguzi. Ninachosema ni kwamba muziki huu ulikuwa, na bado ni, mmoja kati ya miziki michache ambayo mji mzima unaweza kuicheza bila mtu kujiona mgeni.

Kuna jambo la kiufundi ambalo wasikilizaji wa leo, waliozoea faili isiyo na upande wa pili, huenda hawalitambui. Santuri ndogo za wakati ule zilizunguka mara 45 kwa dakika na hazikubeba wimbo mrefu. Wimbo ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza ulisimulia kisa. Ukigeuza santuri, maneno yanapungua na magitaa yanashika usukani. Mwimbaji alikuwa na upande mmoja wa kutamba. Mpiga rithimu alikuwa na pande zote mbili, na ule wa pili ndio uliokuwa mtihani. Hapo hakuna kisa cha kukuficha. Wachezaji wamepamba moto, kila kitu kinakushawishi uongeze mwendo, nawe unatakiwa ubaki ulipo. Mkono wa kushoto hulegeza shinikizo kidogo baada ya kila mdonoo ili nyuzi zizimike upesi na sauti ibaki kavu. Wa kulia haukazi kifundo. Ukikaza, dakika chache zitakutosha kuchoka, na uchovu husikika mara moja.

Ndiyo maana napenda kuwatazama vijana wa bendi za hotelini hapa Nakuru wakizipiga nyimbo hizi mwisho wa wiki. Wengi wamezishika solo za Ngereza kwa sikio, noti kwa noti, na wanazipiga kwa ustadi wa kuheshimika. Rithimu ndiyo inayowashinda. Siyo kwamba vidole haviifikii, maana kifungu chenyewe mwanafunzi hukijua jioni moja. Kinachowashinda ni kukiacha kama kilivyo. Wimbo ukifika katikati kijana anaona haya kurudia jambo lilelile, anatia nakshi, anaongeza noti ya kupita, na papo hapo sakafu inapwaya. Wachezaji hawajui kilichotokea; wanajua tu kwamba ghafla wamekumbuka bia zao. Bendi nyingine zimekata tamaa kabisa na kukiachia kazi hiyo kinanda chenye mapigo yaliyopangwa. Mashine haichoki wala haiharakishi, lakini pia haimsikii mpiga besi alipoamua kunyamaza.

Kwa Les Wanyika wenyewe, miaka iliyofuata “Sina Makosa” haikuwa rahisi. Issa Juma, aliyeimba nao mwanzoni, alitoka na kutamba na Super Wanyika, na jina la Wanyika likazaa matawi hadi mashabiki wakawa wanabishana nani ni nani. Les Wanyika waliendelea: “Paulina”, “Pamela”, “Afro”, “Amigo”. Wapo wanaosema nyimbo hizo zinafanana mno. Ni kweli zinafanana. Ukiwachukua kama bendi inayotafuta mambo mapya, watakuchosha. Lakini wao walikuwa wamechagua eneo dogo na kulichimba kwenda chini, na kila wimbo hubadilisha jambo moja tu: mahali besi inaponyamaza, au uzi ambao Profesa anauacha bila kuugusa. Msikilizaji mwenye haraka hatayaona hayo. Mwenye subira ana kazi ya miaka.

George Kinyonga alifariki mwaka 1992 na Wilson akamfuata mwaka 1995, na Simba Wanyika ikaisha nao. Profesa Omari na Ngereza walikwenda mwishoni mwa muongo huo huo, Malanga akabaki na jina la bendi mkononi. Ngereza aliombolezwa kama msanii mkubwa, na alistahili. Profesa alitajwa kwa heshima na wale waliowahi kujaribu kuipiga sehemu yake.

Kwa hiyo nina neno moja kwa wenye bendi na wenye kumbi kuanzia Naivasha hadi Molo. Mnapotafuta wanamuziki, mnaanza na mwimbaji, mnafuata solo, na nafasi ya rithimu mnampa yeyote aliyebaki. Geuzeni orodha hiyo. Mtafuteni kwanza mtu anayeweza kurudia kifungu kimoja hadi usiku wa manane bila kukiona haya, na mumlipe sawa na mpiga solo.