Ivy Leaf, Jarida la Madada

Hongera zangu leo naipa Ivy Leaf, jarida la Alpha Kappa Alpha, chama cha kidada kilichoanzishwa na wanafunzi weusi wa Chuo Kikuu cha Howard, Washington, mwaka 1908. Lilianza kuchapishwa 1921, enzi ambazo magazeti makubwa ya Marekani yalimtaja mwanamke mweusi kwa nadra, na mara nyingi kwa ubaya. Humu alikuwa na jina lake kamili, shahada yake na kazi yake.

Na kazi zilikuwapo. Kuanzia 1935 wanachama walikwenda Mississippi kila kiangazi kutibu familia za wakulima wa pamba. Wenye mashamba walipowazuia watu wao wasiende kliniki, madada waligeuza magari yao kuwa kliniki.

Mimi hupenda zaidi namna wanavyoagana. Nembo yao ni jani la ivy, mmea utambaao ukutani, na dada akifariki husemwa amevuka ng'ambo ya ukuta. Alijiunga akiwa msichana wa chuo. Alifariki akiwa bibi mwenye wajukuu, na jina lake linachapishwa na chama kile kile kilichompokea.