Teresia wa Lisieux na Kalamu ya Dada Yake

Wasifu wa watakatifu ni fasihi yenye ada zake. Mtoto huzaliwa kwa dalili njema, hukua pasipo ila, hushinda majaribu makubwa, hutenda miujiza, hufa akitabasamu. Msomaji hustaajabu, hufunga kitabu, kisha hurudi kwenye kazi zake akiwa vile vile alivyokuwa. Maana mtu wa namna ile hana jirani msumbufu, wala hasinzii wakati wa sala. Kitabu kiitwacho Histoire d'une âme, yaani Habari za Roho Moja, kilichopigwa chapa Ufaransa mwaka 1898, kilipendwa kwa kuwa kiliivunja ada hiyo. Ajabu ni kwamba kilitolewa na mkono uliojitahidi kuirudisha.

Mtungaji wake, Thérèse Martin, ambaye Wakristo wasemao Kiswahili humwita Teresia wa Mtoto Yesu, alizaliwa Alençon mwaka 1873, akaingia monasteri ya Wakarmeli ya Lisieux mwaka 1888 akiwa na miaka 15, akafa kwa kifua kikuu tarehe 30 Septemba 1897. Hakukusudia kutunga kitabu. Sehemu ya kwanza, ya mwaka 1895, aliiandika kwa amri ya dada yake Pauline, aliyekuwa Mama Mkuu wakati ule kwa jina la Mama Agnès. Ya pili, ya Septemba 1896, alimwandikia dada yake mwingine, Marie. Ya tatu, ya Juni 1897, alimwandikia Mama Marie de Gonzague, aliyekuwa amekwisha kushika ukuu wa monasteri. Na kurasa zake za mwisho ni za penseli, kwa kuwa mkono haukuweza tena kalamu ya wino.

Sehemu ya kwanza si njema yote. Maua ni mengi kupita kiasi, na vijineno vya kudekeza humchosha msomaji upesi. Walakini humo ndimo ilimo habari ya viatu. Usiku wa Noeli ya mwaka 1886, kwa desturi ya nyumba ile, viatu vya mtoto vilijazwa zawadi na kuwekwa penye meko. Baba, amechoka baada ya misa ya usiku, akasema kwa kuudhika kwamba afadhali huo ulikuwa mwaka wa mwisho. Binti, aliyekaribia miaka 14 na aliyekuwa mwepesi wa kulia, aliyasikia maneno hayo akiwa ngazini. Akameza machozi, akashuka, akazitoa zawadi moja moja akicheka. Usiku huo ndio aliouita wongofu wake. Paulo aliangushwa njiani kwenda Dameski. Huyu aliongoka ngazini, kwa ajili ya viatu.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyo bora kupita zote, na ubora wake watoka katika udogo wa mambo. Yupo mtawa aliyekaa nyuma yake wakati wa sala ya jioni, akitoa sauti kama ya makombe mawili yanayosuguliwa. Teresia hasemi kwamba hakuisikia. Asema alitaka sana kugeuka amtazame, hata jasho likamtoka kwa kujizuia. Mwisho akajilazimisha kuisikiliza kama ngoma ya fahari. Yupo mwingine aliyemrushia maji machafu usoni walipokuwa wakifua leso. Yupo na wa tatu, ambaye kila jambo lake lilimchukiza. Teresia alimtabasamia sana hata mwenyewe akauliza ni kitu gani kimvutiacho hivyo kwake, na ilipozidi nguvu yake Teresia alikimbia kama askari mtoro. Kucheka huku kwa mtu anayejicheka mwenyewe ni nadra katika vitabu vya ibada.

Lakini habari ya kusomwa na kurudiwa ni ya yule mtawa mzee, mgonjwa, aliyepaswa kupelekwa chumba cha kulia kila jioni saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Kiti chake kilichukuliwa kwa namna moja tu, naye alishikwa ukanda kwa nyuma. Ukienda upesi alilalamika, ukienda polepole alilalamika. Teresia alifanya kazi hiyo, tena akaongeza kumkatia mkate. Jioni moja ya baridi, wakiwa njiani, alisikia muziki kwa mbali, akawazia sebule yenye taa na mabinti waliovaa vizuri. Kisha akamtazama kikongwe aliyemshika na matofali ya ukuta. Hapa hapana muujiza wowote. Pana ukumbi wenye baridi na mtu aliyechagua abaki humo. Tena daftari hili hili ndilo linaloeleza giza lililomfunika tangu Pasaka ya mwaka 1896, hata mbingu ikawa kama ukuta mbele yake. Maji machafu na giza la imani vimeandikwa kwa sauti moja, na ndiyo maana giza lile laaminika.

Pauline aliyachukua madaftari haya, akayagawa sura, akasawazisha lugha, akapunguza habari za nyumbani, na yote matatu yakafanywa yaonekane yameandikwa kwa Mama Marie de Gonzague. Mabadiliko yakaribia mahali 7,000. Toleo la kwanza lilikuwa la nakala 2,000. Likafuatwa na mengine mengi, na ulimwengu ukamsoma Teresia aliyesafishwa mpaka mwaka 1956, miaka mitano baada ya kifo cha Pauline, Padre François de Sainte-Marie alipotoa madaftari yenyewe kwa picha, pamoja na mistari aliyoipiga mwandishi chini ya maneno.

Si haki kumshitaki Pauline kwa wizi. Teresia mwenyewe alimpa ruhusa ya kukata na kuongeza, na pasipo Pauline pasingekuwa na kitabu. Kosa ni la kifasihi, tena ni kosa la mapenzi: alidhani utakatifu wa ndugu yake wataka lugha iliyo safi kuliko ile iliyouzaa. Céline, dada yao mwingine, alifanya vivyo hivyo kwa uso. Aliingia monasteri mwaka 1894 na kamera yake, akampiga Teresia picha nyingi, kisha picha zilizosambazwa zikalainishwa. Hata mwaka 1961 ndipo zilipotolewa zenyewe, na uso ukaonekana wenye taya imara kuliko uliozoeleka.

Agosti 1897, akiwa kitandani kwa ugonjwa, Teresia alilalamikia mahubiri yanayomsimulia Mariamu mambo yasiyojulikana kama aliyafanya. Alitaka aonyeshwe maisha yake ya kweli, siyo ya kudhaniwa. Aliyekaa kando ya kitanda na kuyaandika maneno hayo katika daftari alikuwa Pauline.