Lotikipi: Rada Haikukosea

Kosa la Lotikipi halikufanywa na mtambo. Lilifanywa Nairobi, Septemba 2013, pale serikali na UNESCO walipotangaza hazina ya maji ya zaidi ya mita za ujazo bilioni 200 katika bonde la Lotikipi, kaskazini mwa Kakuma huko Turkana, kabla chumvi yake haijapimwa ipasavyo. Vyombo vya habari vikapiga hesabu: Kenya itakunywa kwa miaka 70.

Kazi ya rada ya setilaiti iliyotafuta maji hayo ilikuwa safi. Mchanga mkavu una kigezo cha dielektriki cha kati ya 3 na 5, maji yana karibu 80, na tofauti hiyo ndiyo inayobadilisha mwangwi wa rada. Mwanajiolojia Alain Gachet na mfumo wake wa kutafuta maji, WATEX, waliisoma vizuri.

Lakini mwangwi huo unatoka karibu na uso wa ardhi. Kinachokaa mamia ya mita chini hukisiwa kwa jiolojia, kisha huthibitishwa kwa kuchimba. Visima vya majaribio vilikuwa vichache mno kwa bonde la maelfu ya kilomita za mraba. Tena kigezo cha dielektriki hakiwezi kumwambia mfugaji kama maji yananyweka: chumvi hukipunguza kidogo tu, ilhali upitishaji umeme hupanda kwa kasi. Maji ya bahari hufikia takriban maikrosimensi 50,000 kwa sentimita. Kipimo cha mkononi hutoa jibu hilo kisimani kwa dakika chache, na jibu hilo ndilo lililopaswa kutangulia jukwaani.

La kuudhi zaidi, taarifa yenyewe ilikiri kwamba ubora wa maji ulihitaji uchunguzi zaidi. Basi ile bilioni 200 ilipewaje kichwa cha habari, na ubora ukaachiwa mkia? Vipimo vilivyofuata vikaonyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi mno kwa kunywa. Mfugaji wa Lokiriama, Turkana, anayevuka kwenda Karamoja nchini Uganda mvua inapokosa hapangi safari kwa mita za ujazo.

Hadithi hii Turkana inaijua. Machi 2012 Rais Kibaki alitangaza mafuta ya kisima cha Ngamia 1. Shehena ya kwanza ilisafirishwa nje Agosti 2019. Huku kwetu jukwaa hutangulia, vipimo hufuata.

Wakongwe wa kupima yaliyo chini ya ardhi walikuwa na subira. Mwaka 1912 mwanafizikia Conrad Schlumberger alipitisha umeme ardhini huko Normandy, Ufaransa, akachora ramani ya volteji kabla ya kudai lolote. Hata Gachet wa 2004, aliyetafuta maji kwa ajili ya wakimbizi wa Darfur, anampita yule wa 2013: rada ilielekeza, na kisima ndicho kilichotoa hukumu.

Hata rada yenyewe ina mtego wake: mafundi wa maabara watakumbusha habari ya magnetaiti, feraiti ya asili iliyomo kwenye mawe ya volkano kama yale ya milima ya Mogila na Songot huko Turkana. Elektroni zake huruka kutoka chuma chenye chaji 2 hadi chenye chaji 3, hivyo hupitisha umeme na kunyonya mawimbi ya rada. Kwa hiyo msomaji wa rada lazima aujue mwamba kwanza.

Hifadhi ya maji ya Lodwar, iliyotangazwa siku ileile na ya Lotikipi, ni ndogo ila ina faida ya kuwa karibu na mji wenye watu wa kuitumia. Haikupata hata robo ya makofi.