Ubani si Kila Kinachofukizwa

Hivi karibuni tuliletewa rasimu ya tafsiri ya maelezo ya maonyesho ya mambo ya kale ili tuikague kabla haijachapishwa. Sarufi yake haina dosari, na mfasiri amejitahidi kuepuka maneno ya kigeni pasipo haja. Hata hivyo neno moja lililotumika humo limetulazimu kuandika makala haya, kwani linageuza maana ya ugunduzi ambao rasimu yenyewe ilikusudia kuueleza. Neno hilo ni ubani.

Rasimu inahusu Unguja Ukuu, bandari ya kale iliyoko kusini mwa kisiwa cha Unguja. Humo yalifukuliwa mabaki ya utomvu mkavu ya karne ya 7 hadi ya 8. Matokeo ya uchunguzi wa kikemia, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba mabaki hayo ni ya sandarusi, na kwamba ilitumika kwa kufukiza. Mfasiri ameandika kwamba kilichopatikana ni "ubani wa kale". Yamkini alidhani kwamba maadamu kitu kilifukizwa, basi ni ubani.

Katika mazungumzo ya nyumbani hatungekuwa na neno naye. Lakini ubani hutokana na miti ya Arabuni ya Kusini na Pembe ya Afrika, hivyo kufika Unguja sharti uletwe kwa chombo. Msandarusi huota katika pwani yetu wenyewe. Msomaji wa rasimu ataelewa kwamba wakazi wa Unguja Ukuu walifukiza bidhaa ya ng'ambo, ilhali wataalamu wametuambia kwamba walifukiza mali ya misitu yao. Kosa la neno moja limekuwa kosa la historia.

Kwa mwanakemia, tofauti hii si ya jina tu. Chembe ndogo ya mabaki huyeyushwa, misombo iliyomo hutenganishwa ikiwa katika hali ya mvuke, kisha kila mmoja hutambuliwa kwa uzito wa molekuli yake na wa vipande vyake. Ubani hujulikana kwa asidi za bosweli, ambazo ni za kundi la triterpenoidi, lenye kiunzi cha atomi 30 za kaboni. Sandarusi ni ya kundi la diterpenoidi, lenye kiunzi cha atomi 20. Kwa njia hiyo ilitangazwa mwaka 1997 kwamba mabaki ya Qasr Ibrim, kusini mwa Misri, ni ubani wa kweli. Kwa njia hiyo pia, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulitambua sandarusi ya Afrika Mashariki miongoni mwa mabaki ya Sharma, bandari ya Yemen iliyostawi kati ya karne ya 10 na ya 12. Tukiita vyote ubani, tutakuwa tumesema kwamba pwani yetu iliipelekea ubani nchi inayozalisha ubani.

Chanzo cha tatizo ni kwamba hatujagawa kazi za maneno tuliyo nayo. Ubani, uvumba, buhuri na udi hutumiwa kwa kubadilishana. Hata katika Biblia, tunu ya mamajusi ambayo wengine wangeiita ubani imeitwa uvumba. Kwa maandishi ya kitaalamu tunapendekeza hivi: buhuri liwe jina la jumla la chochote kinachofukizwa kwa ajili ya harufu, ubani, manemane, sandarusi na udi kila kimoja kibaki na mti wake, na chetezo kiendelee kuwa chombo cha kufukizia, badala ya "kichomea ubani" tulichokikuta katika rasimu hiyo. Neno gundi lisitumike kwa sandarusi, kwa kuwa gundi ya miti huyeyuka au hulainika majini, na sandarusi haiyeyuki.

Wapo watakaosema kwamba watazamaji wa maonyesho hawaijui sandarusi. Hoja hii ina uzito, lakini dawa yake ni sentensi moja ya maelezo. Sandarusi si neno lililobuniwa ofisini. Katika karne ya 19 lilitajwa kila siku katika forodha ya Zanzibar, kwani bidhaa hiyo ilisafirishwa kwa wingi kwenda Marekani na Ulaya kutengenezewa vanishi. Likisahauliwa, tutakuwa tumelipoteza sisi wenyewe.

Jambo la mwisho linahusu vitenzi. Pale ambapo mtafiti amesema kwamba dalili fulani "zinaafikiana na" ubani, rasimu imeandika "imethibitika". Hayo si mamoja. Mabaki yaliyoungua au kuchakaa huwa yamepoteza baadhi ya misombo, na mara nyingine mwanakemia huweza kutaja jenasi ya mti bila kutaja spishi. Mfasiri asiyechunga kiwango hiki cha uhakika humsemea mtaalamu jambo ambalo hakulisema.

Rasimu tumeirudisha pamoja na masahihisho haya. Walimu, wafasiri na maofisa wenye maoni tofauti wanakaribishwa kutuandikia, hasa wale wa pwani ambao huenda wana majina ya tomvu nyingine ambayo hatujayaorodhesha.