Fedha za Kutolima: Mkataba wa Terrat Ulivyosukwa

Kampuni ya safari ikitaka kuonekana inawajali wenyeji, kwa kawaida hujenga darasa. Darasa lina bati jipya na kibao chenye jina la mfadhili, na mgeni hupata pa kupigia picha. Mwaka 2005 kampuni kadhaa za utalii za kaskazini mwa Tanzania zilichangishana zilipie kitu kisicho na kibao wala picha: ardhi ambayo haikulimwa. Kijiji cha Terrat, wilayani Simanjiro, mkoa wa Manyara, kilikubali kuuacha uwanda wake wa majani mafupi bila jembe na bila makazi ya kudumu. Kampuni nazo zikakubali kukilipa takribani shilingi milioni 5 kwa mwaka, ambazo kwa thamani ya wakati ule zilikuwa kama dola 4,500.

Fedha zenyewe ni kidogo, na nitalirudia hilo. Hata hivyo, sijaona mkataba mwingine wa utalii na kijiji uliofikiriwa kwa makini kiasi hiki, na inafaa kuufungua kipande kwa kipande.

Tuanze na nyumbu, maana bila yeye hesabu haieleweki. Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, iliyotangazwa mwaka 1970, ina maji ya mto wakati wa kiangazi, na ndiyo sababu wanyama hujazana humo kuanzia Julai, wageni nao huwafuata. Mvua zikianza, nyumbu na pundamilia huvuka mpaka wa hifadhi kuelekea nyanda za Simanjiro upande wa mashariki. Wanachokifuata huko ni majani. Malisho ya Simanjiro yana madini ya fosforasi kwa wingi kuliko yale ya ndani ya hifadhi, na nyumbu anayenyonyesha hawezi kuyakosa. Kwa maneno mengine, ndama ambaye mgeni anamwona hifadhini mwezi Agosti alizaliwa kwenye ardhi ya kijiji. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nyumbu wa ikolojia hiyo walikadiriwa kuzidi 40,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa kama 5,000 tu. Ujangili ulichangia, na mashamba yalichangia, kwa sababu uwanda uliopitiwa na trekta haurudishi majani yale kwa msimu mmoja wala miwili.

Miongoni mwa walioliona tatizo mapema ni ndugu watatu wa ukoo wa Peterson, watoto wa wamisionari wa Kilutheri waliokulia Tanzania na kuanzisha Dorobo Safaris, kampuni ya safari za kutembea kwa miguu na kulala porini. Pembeni ya kampuni waliunda mfuko wa hisani, Dorobo Fund. Tangu miaka ya 1990 kampuni hiyo ilikuwa na mikataba na vijiji vya Simanjiro: mgeni akilala kwenye ardhi ya kijiji, kijiji kinapata malipo yake.

Utaratibu huo wa kulipa kwa vichwa vya wageni una kasoro ambayo watu wa utalii huipita kimya kimya. Unalipa mahali pazuri pa kuweka mahema, na si lazima pawe ndipo wanyama wanapozalia. Tena wanyama huwa Simanjiro wakati wa mvua, msimu ambao barabara ni tope na wageni ni wa kuhesabu. Kijiji kinalisha nyumbu bila wageni, kisha wageni wanakuja nyumbu wamekwisha kuhama. Na likitokea jambo duniani, watalii wakaacha kusafiri, kijiji kinakosa hata senti ilhali ardhi yake imefanya kazi ile ile.

Terrat ilikwepa mtego huo kwa kutenganisha malipo na vitanda. Kiasi kilikuwa maalumu kwa mwaka, wageni waje wasije. Zilizolipa ni pamoja na kampuni zisizokuwa na hema hata moja kijijini, kwa hoja iliyonyooka: kama unauza Tarangire, unauza na Simanjiro, ulipe. Shirika la Wildlife Conservation Society, ambalo watafiti wake wamewafuatilia tembo wa Tarangire kwa miaka mingi, lilishiriki kuuandaa mpango huo.

Uhodari mkubwa zaidi uko kwenye masharti, na hapo ndipo miradi mingi ya uhifadhi huharibikia. Mkataba wa Terrat ulikataza kilimo na makazi ya kudumu. Haukukataza ng'ombe. Wamaasai huondoa mifugo uwandani nyumbu wanapozaa, kwa sababu ndama wa nyumbu hueneza ugonjwa unaoua ng'ombe, na huirudisha ndama hao wakishakua. Mfugaji na nyumbu walikwisha kugawana uwanda kwa zamu kabla ya mwanasheria yeyote kushika kalamu. Mkataba uliipa zamu hiyo nguvu ya maandishi, na adui aliyebaki akawa mmoja tu, shamba.

Upande wa sheria nao ulikaa vizuri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi, chini ya jicho la mkutano mkuu wa kijiji, na kijiji kinaweza kujitungia sheria ndogo. Kwa hiyo aliyesaini ni kijiji chenyewe, na ardhi haikuhama mikono. Jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee Simanjiro, ambako wapo walioondolewa hifadhi ya Tarangire ilipoanzishwa na wanaosikia neno "uhifadhi" na kuuliza watahamishiwa wapi safari hii. Familia ya Edward Loure ilikuwa miongoni mwa walioondolewa. Loure baadaye alikuwa kiongozi katika Ujamaa Community Resource Team, shirika lililopata msaada wa Dorobo Fund, na mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman kwa kazi ya hati za ardhi za jamii.

Sasa fedha. Tuseme kijiji kina kaya 500. Shilingi milioni 5 zikigawanywa, kila kaya inapata 10,000 kwa mwaka mzima, nauli ya kwenda mjini na chai. Hazikugawanywa, ziliingia kwenye mfuko wa kijiji, lakini anayeamua kukodisha ekari kumi kwa mwenye trekta si kijiji, ni mtu na familia yake. Kwa hiyo malipo haya hayawezi kuitwa fidia ya mavuno yaliyoachwa. Yalifanya kazi kwa sababu wafugaji walio wengi walikwisha kutaka uwanda ubaki malisho, na fedha zikawaongezea hoja mkutanoni dhidi ya wachache waliotaka kulima. Mpango huu ukiupeleka kwenye kijiji cha wakulima, kwa bei hii, hautamaliza hata ajenda ya kwanza.

Kijiji cha Sukuro kilifuata njia ya Terrat baadaye. Hatua kubwa zaidi ilikuja na hati za hakimiliki za kimila zinazotolewa kwa kundi badala ya mtu mmoja. Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata ya kwanza mwaka 2011, na vijiji vya wafugaji vikaitumia njia hiyo kufungia malisho yao yasikatwe viwanja. Mkataba na kampuni unaweza kuisha. Hati haitegemei mgeni.

Kwa mwenye kampuni anayetaka kuiga: kwanza kisaidie kijiji kipate karatasi za ardhi, ndipo uzungumzie malipo. Na usiandike kiasi cha shilingi bila kifungu cha kukipandisha. Shilingi milioni 5 zilizokuwa dola 4,500 mwaka 2005, kwa dola ya shilingi 2,500 ni dola 2,000, na bei ya maharage haikusubiri.