Kila Oili na Mahali Pake

Wapare hawakuhitaji kufundishwa kumheshimu fundi wa chuma. Mapokeo ya Ugweno, kaskazini mwa Upare, ambayo mwanahistoria Isaria Kimambo aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1969, yanawataja Washana, ukoo wa wahunzi, kuwa walishika utawala wa nchi hiyo kabla ya Wasuya kuwapindua. Chuma cha Upare kilishuka milimani kikauzwa hadi Uchagani. Tangu hapo chuma kimeongezeka na kubadilika sura: reli ya kutoka Tanga ilipita Same na kufika Moshi mwaka 1911, mashamba ya mkonge yakaleta korona, yaani mashine za kusaga majani yake, wakulima wa mpunga wa Ndungu wakapata pawatila na mashine za kukoboa, na Machi 2025 ukazinduliwa mradi mkubwa unaosukuma maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu kwenda Mwanga na Same. Vyuma vyote hivi vinazunguka juu ya utando wa oili au grisi ambao hakuna anayeutazama. Anayeichagua hiyo oili huhesabiwa msaidizi wa fundi, na mara nyingi ndiye wa mwisho kulipwa. Nadai kwamba tumemkosea hesabu. Kuchagua kilainishi ni kutoa hukumu juu ya mashine na mahali ilipo kwa pamoja, na hukumu hiyo ni ufundi kamili, wenye haki ya heshima ileile aliyopewa mhunzi.

Wengi hudhani oili kazi yake ni kuteleza tu, na kwa hiyo chochote kinachoteleza kinafaa. Dhana hiyo ilivunjwa mwaka 1883 na Beauchamp Tower, mhandisi wa Uingereza aliyechunguza beringi za aina iliyotumika kwenye ekseli za mabehewa. Alitoboa tundu juu ya beringi ili oili iingie. Shafti ilipozunguka, oili ikapanda na kumwagika kupitia tundu lile. Akaliziba kwa kizibo cha mbao, nacho kikasukumwa nje. Kumbe shafti inayozunguka huivuta oili na kuibana mpaka ipate presha ya kubeba mzigo mzima, chuma kisiguse chuma. Mwaka 1886 mwanasayansi Osborne Reynolds alieleza jambo hilo kwa hesabu, na hesabu hiyo bado ndiyo msingi wa kazi yote. Utando wenyewe ni mwembamba kuliko unywele mara nyingi, na unene wake unategemea mambo matatu: uzito wa oili, kasi ya shafti na mzigo unaoikalia. Likibadilika moja, mengine lazima yarekebishwe. Ndiyo maana hakuna oili iliyo nzuri peke yake. Ipo tu oili inayofaa kasi fulani, mzigo fulani na joto fulani.

Wilaya ya Same ni darasa zuri la hoja hii, kwa kuwa mazingira yake hubadilika ndani ya safari ya saa chache. Tuanze na korona. Inaposaga majani ya mkonge, maji humwagika muda wote, na utomvu wa mkonge una tindikali inayokula chuma. Grisi ya sodiamu huvumilia joto vizuri lakini maji huiyeyusha na kuichukua. Ile ya kalsiamu ya kawaida huyakataa maji lakini hulegea joto likipanda. Anayechagua hapo lazima ajue adui gani atafika kwanza. Ukienda Makanya kwenye machimbo ya jasi, adui ni vumbi, na macho hudanganya. Vumbi jeupe la jasi linaogopesha kwa wingi wake, lakini jasi ni laini kiasi kwamba ukucha huichora. Kinachochimba beringi ni mchanga mwekundu wa barabarani, ambao chembe zake za kwazi zinaweza kukwaruza chuma cha pua cha kawaida. Mahali kama hapo cheni iliyo wazi ikilowekwa oili hugeuka msasa, kwa kuwa oili inashika mchanga na kuushikilia. Fundi mwerevu huichagulia kilainishi kikavu chenye grafiti, na zipo sehemu ambazo huamua zisipakwe kitu kabisa. Kujua pa kuacha ni nusu ya ufundi huu.

Katika nyumba za pampu hatari ni ya namna nyingine. Mota nyingi za umeme hutoka kiwandani zikiwa na grisi ya poliurea, wakati kopo lililozoeleka madukani ni la lithiamu. Kila moja ni njema. Zikikutana ndani ya beringi moja, mara nyingi mchanganyiko hulegea na kutiririka, beringi ikabaki kavu huku daftari likionyesha kwamba grisi ilipigwa kwa wakati. Hata grisi sahihi ikizidi ni kosa: nyumba ya beringi hujazwa theluthi hadi nusu ya nafasi yake, kwa sababu ikijaa pomoni mipira huivuruga na kuipasha moto. Kwenye usindikaji wa tangawizi, kama ule wa Mamba Miamba, huingia swali jingine kabisa, la mlaji. Pale oili inapoweza kudondokea chakula kwa bahati mbaya, sheria za Marekani, zinazofuatwa na watengenezaji wengi duniani, huruhusu mafuta maalumu ya madini yasiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Mchagua oili hapo analinda mashine na tumbo la mtu asiyemjua.

Barabara za mlimani zinaongeza ushahidi. Lori linaloshuka na mzigo kutoka milimani linakandamiza meno ya difu kiasi kwamba utando wa oili ya kawaida hupasuka. Ndiyo sababu oili ya difu huwekwa viungo vya salfa na fosforasi vinavyoshikamana na chuma chenyewe. Lakini viungo hivyohivyo, kukiwa na joto, vinaweza kuila shaba nyeusi iliyomo kwenye giaboksi nyingine. Dawa ya difu inakuwa sumu ya jirani yake. Bodaboda nayo hutumia oili moja kwa injini, gia na klachi. Oili ya gari iliyoongezewa viungo vya kupunguza msuguano inaweza kuifanya klachi iteleze pikipiki ikiwa katikati ya mlima, ndiyo maana kopo lake linapaswa kuwa na alama ya JASO MA. Tofauti hizi hazionekani kwa macho. Oili hizo zote ni za njano, zote zinateleza, na zote zinauzwa kwenye duka moja.

Atasema mtu: basi tusome kitabu cha mashine, kazi imekwisha. Kitabu ni msingi, na anayekipuuza hafai kuguswa na sifa hizi. Lakini kitabu chenyewe huishia pale ufundi unapoanza. Vingi hutoa jedwali la oili kadiri ya joto la mahali, na huagiza muda wa kubadilisha ufupishwe penye vumbi, mzigo mzito au safari za kusimama na kuondoka, bila kusema vumbi kiasi gani. Aliyekiandika hakuiona Hedaru wakati wa kiangazi. Mtu fulani lazima aamue, na uamuzi huo ndio ninaousifu. Wengine hujibu kwa njia rahisi zaidi: Same kuna joto, weka oili nzito. Oili nzito mno kwenye injini yenye nafasi finyu huchelewa kufika juu asubuhi, na uzito wake huzalisha joto lilelile iliyokusudiwa kupambana nalo.

Pingamizi la pesa ni zito zaidi, na halijibiwi kwa kumcheka mwenye mashine ya kusaga anayenunua oili ya kupima. Ni kweli kwamba kopo zuri lina bei. Ila kuchagua vizuri mara nyingi hakumaanishi kununua cha ghali: beringi ya polepole iliyo kivulini haihitaji oili ya sintetiki, na anayeiwekea ametupa fedha sawasawa na aliyeweka oili chafu kwenye injini. Mwaka 1966 kamati ya mhandisi Peter Jost iliiambia serikali ya Uingereza kwamba viwanda vyake vingeweza kuokoa pauni milioni 515 kwa mwaka kwa kushughulikia vyema msuguano, ulikaji na ulainishaji. Ikiwa nchi yenye viwanda vingi hivyo ilikuwa ikivuja kiasi hicho, mwenye mashine moja, asiye na akiba ya kununua nyingine, ana sababu kubwa zaidi ya kutaka ushauri wa mtu anayejua. Nalo tatizo la oili bandia linaiongezea hoja nguvu. Husemwa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa oili methali hiyo haisaidii, maana njema na mbaya hukaa kimya ndani ya makopo yanayofanana, na ubovu hujulikana injini ikishanoki. Kazi ya wadhibiti, EWURA na TBS, ni ya lazima, lakini haimwondolei mnunuzi wajibu wa kujua muuzaji, kukagua kizibo na kutunza kumbukumbu za alichoweka na lini.

Wapo wanaosema matunzo si utamaduni wetu, kwamba tunajua kununua na kuzindua tu. Upare inawakanusha. Ndiva, mabwawa ya asili ya kumwagilia, na mifereji yake havikudumu kwa sababu vilijengwa vizuri mara moja. Vilidumu kwa sababu watu walitoka kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kuvizibua na kuvikarabati, msimu baada ya msimu, na asiyetoka aliulizwa. Jamii iliyoweka utaratibu kama huo kwa ajili ya tope inaweza kuuweka kwa ajili ya grisi. Kinachotakiwa ni kidogo na kinajulikana: anayechagua oili aulizwe kabla ya manunuzi, apewe kitabu cha mashine badala ya kitabu hicho kufungiwa ofisini, awe na daftari lake, na alipwe kama fundi. Mradi wa maji au kiwanda kisichoweza kumtaja mtu huyo kwa jina kimekwisha kuamua kitaharibika. Kilichobaki kujulikana ni tarehe.